Joka la Chooni na Joka la Daftarini

Mjukuu wangu ana miaka mitano kasoro miezi miwili. Usiku mmoja, baada ya sala ya Isha, alisimama kwenye mlango wa ukumbi amebana miguu kwa kushikwa na haja ndogo, na wala hakukubali kupiga hatua. Choo cha nyumba yetu, kama kilivyo cha nyumba nyingi za Mji wa Kale, kiko uani. Ni lazima uvuke ua, upite birika la maji na ngazi ya kupandia darini ndipo ukifikie. "Bibi, siendi. Mna joka." Mamake akamwambia hamna joka. Nami nikamwambia hamna joka. Akatutazama sisi wawili kwa huruma, kama watazamwavyo watu wasioujua ulimwengu, kisha akajikojolea pale pale juu ya mkeka.

Kesho yake tulikaa kuchunguza joka hilo limetoka wapi. Haikuchukua muda. Nusu yake ilitoka kwenye simu ya mamake, katika katuni ambazo mtoto huachiwa azitazame wakati wa kupika, na nusu ya pili ilitoka jikoni, kwa dada anayetusaidia kazi, ambaye kila mtoto akigoma kumaliza uji humwambia, "Maliza, joka laja." Dada mwenyewe hakuwa na nia mbaya. Alilelewa hivyo, nasi tulilelewa hivyo. Aliyekuwa hatishwi kwa joka alitishwa kwa zimwi, au kwa yule mwenye gunia anayepita njiani.

Binti yangu, kwa uchungu wa mama, akatoa amri. Katuni zisionekane. Jina la joka lisitajwe. Kitabu kimoja cha picha alicholetewa mtoto na shangazi yake, chenye joka la kijani kwenye jalada, kikapandishwa juu ya kabati. Nikanyamaza, kwa kuwa mtoto ni wake. Lakini zikapita siku nne na hali ikazidi kuharibika. Mtoto sasa hakutaka hata kuingia ukumbini peke yake. Joka lililofichwa juu ya kabati, ambalo angalau lilikuwa na rangi yake na ukubwa wake wa kiganja, lilikuwa limeondoka. Likabaki lile lisilo na rangi wala kimo, linaloenea nyumba nzima.

Kabla sijaendelea, niseme jambo moja linalonihusu mwenyewe, nisije nikaonekana ni mjuzi anayewafunza wenzake. Nilisomesha chekechea kwa zaidi ya miaka ishirini. Katika miaka ya mwanzo, darasa lilipokuwa na watoto arubaini na sauti yangu imekauka, nami nililitumia zimwi. Nililiweka ndani ya stoo ya viti. Nilikuwa nikigonga mlango wa stoo mara mbili na darasa zima hunyamaza. Siku moja mtoto mmoja wa kike akaacha kuja. Mamake alipokuja kunieleza, alisema mtoto amekataa kitanda, analala uvunguni ili zimwi lisimwone. Niliiacha tabia hiyo siku ile ile. Lakini mtoto yule alihamishiwa chuo kingine, na sikuwahi kumwomba radhi.

Kwa hivyo siku ya tano nilimwomba binti yangu ruhusa, nikakishusha kitabu.

Nilianza na neno lenyewe. Katika Kiswahili chetu, joka ni nyoka aliyekuzwa, kama nyumba inavyokuwa jumba na mtu anavyokuwa jitu. Joka la wazee wetu halina miguu, halina mbawa, na halitemi moto. Hukaa kisimani au pangoni, na urefu wake ndio utisho wake. Hili lenye mbawa za ngozi na moto mdomoni ni la Ulaya, limetujia kwa vitabu na filamu. Wachina nao wana lao, refu lenye miguu minne na masharubu, ambalo kwao si adui hata kidogo, bali huhusishwa na mvua na heri. Waajemi wana lao, nao Waarabu huliita tinnin. Al-Qazwini, mwanachuoni wa karne ya 13, alilieleza katika kitabu chake cha maajabu ya viumbe. Nilipomwuliza mjukuu wangu, "Joka lako ni lipi katika haya?" alikaa kimya muda mrefu. Hakuwa ameulizwa swali hilo. Watu wote waliozungumza naye juu ya joka walikuwa wamemwambia ama linakuja ama halipo.

"Lina miguu?" nikamwuliza.

"Minne." Akafikiri. "La, sita."

Nikamkatia karatasi ya kaki ya mfuko wa unga, nikampa kipande cha kaa baridi kutoka jikoni. Ilikuwa alasiri, jua bado liko uani. Hili la wakati naona ni muhimu kuliko watu wanavyodhani: mambo ya kutisha yachorwe mchana, yasiachwe mpaka saa ya kulala. Mtoto akainama juu ya karatasi na ulimi nje. Alichora duara kubwa lililopinda, na miguu sita ikatoka moja kwa moja kwenye duara hilo, kama buibui. Hapakuwa na shingo wala kiwiliwili. Hivyo ndivyo wanavyochora watoto wengi wa miaka mitatu hadi mitano, hata wanapomchora mama yao: kichwa, na miguu inayoning'inia kutoka kichwani. Mama anayemshika mtoto mkono na kumwambia "si hivyo, mwili uko wapi?" anamnyima kitu. Mwili utakuja wenyewe, kwa wakati wake.

Mimi nilisema tu, "Nieleze."

Akanieleza. Mkia ni wa kenge, yule aliyemwona kwenye mikoko ya Tudor tulipokwenda kumzuru mjombake. Mbawa ni za popo, wale wanaokuja kula kungu usiku na kutuangushia kokwa juu ya bati. Meno ni ya papa aliyemwona sokoni. Na moto unatoka wapi? Hapo aliniangalia kana kwamba nimeuliza swali la kipumbavu. "Ana jiko la makaa tumboni, Bibi. Akikohoa moto watoka."

Lev Vygotsky, mtaalamu wa Urusi wa elimu ya nafsi, aliandika mwaka 1930 kwamba mawazo ya mtoto hayaumbi kitu kutoka katika utupu. Huchukua vipande vya mambo aliyokwisha kuyaona na kuyaunganisha upya. Mfano wake ulikuwa ni kibanda cha ngano za Kirusi kinachosimama juu ya miguu ya kuku: kibanda ni cha kweli, miguu ya kuku ni ya kweli, kinachobuniwa ni kule kuviunganisha. Nilisomeshwa jambo hilo katika mafunzo ya ualimu nikalikariri kwa ajili ya mtihani. Nililielewa siku ile uani, mjukuu wangu alipolivunja joka lake vipande vipande mbele yangu, na kila kipande kikawa ni kitu anachokijua na asichokiogopa. Haogopi kenge. Haogopi popo. Jiko la makaa anajua lisiguswe, basi.

Siku ya pili tuliingia katika suala la ukubwa. Joka, alisema, ni kubwa kama msikiti. Nikamwuliza sasa linaingiaje chooni, maana mlango wa choo chetu hata mimi huupita kwa kuinama. Swali hili lilimkalia. Alikwenda mwenyewe mpaka ukingo wa ua, mchana kweupe, akautazama mlango, akarudi. Mwishowe akatoa hukumu: "Ni toto. Mamake ni mkubwa, yuko nje. Toto limepotea." Basi mambo yote yakageuka. Tulikuwa na toto la joka lililompoteza mamake, na jioni ile aliniuliza kama toto hilo limekula.

Sisemi kwamba hofu iliisha. Usiku bado alitaka kushikwa mkono. Lakini kutoka kumwogopa mtu mpaka kumwuliza kama amekula ni safari ndefu, naye aliikata kwa siku mbili.

Chini ya kila picha nilikuwa nikiandika maneno yake yeye, kwa herufi kubwa, bila kuyatengeneza. Hapa ndipo kusoma kulipoingia bila ya kuitwa. Kiswahili kina ukarimu kwa mtoto anayeanza: kinaandikwa kinavyotamkwa, na silabi zake nyingi ni konsonanti moja na irabu moja. JO-KA. Herufi nne, silabi mbili. Nilipoliandika mara ya tatu alilitambua. Kisha akaiona KA ile ile katika KAKA, akaiona katika PAKA, akacheka kwamba ndani ya paka mna mkia wa joka. Tukabadilisha irabu tukapata JIKO, ambalo lilikuwa tumboni mwa joka tangu mwanzo. Shule yake ya PP1 ilikuwa imempa silabi hizo hizo kwenye chati tangu muhula wa kwanza. Zilikuwa hazijamgusa, kwa kuwa hazikuwa na joka.

Vitabu vya picha vya Kiswahili vya umri huu si vingi madukani, na vilivyopo bei yake si ya kila nyumba. Usiungoje mwezi mwingine, dada msomaji. Kunja karatasi tatu katikati, zishone kwa sindano na uzi, umepata kitabu cha kurasa kumi na mbili. Walimu wa chekechea za madrasa, mpango ulioanzia hapa Mombasa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, walijenga madarasa kwa vifuu, makombe, vibao na maboksi matupu, na watoto wakasoma. Cha muhimu ni kwamba kitabu kikisha kushonwa kiwe na jina la mtoto juu yake, na kisomwe, si mara moja, bali kila anapotaka, hata kama ni mara ya ishirini na wewe umechoka.

Kisha nikaanza kumsimulia. Nilichagua kisa cha nunda mla watu, ambacho Edward Steere alikiandika kutoka kwa wasimulizi wa Unguja na kukichapisha mwaka 1870, ingawa mimi nilikisikia kwa bibi yangu asiyejua Steere ni nani. Paka wa sultani anaachiwa ale kuku, kwa kuwa kuku ni wa sultani na paka ni wa sultani; anakua, anakula wanyama, anakula watu, mpaka anakuwa nunda. Mtoto mdogo wa sultani anatoka kwenda kumwinda. Kila mara anamwua mnyama, kila mara mkubwa kuliko wa kwanza, kuanzia mbwa hadi kufika twiga, kifaru na ndovu, na kila mara anamletea mamake akidhani ndiye, na mamake anamjibu kwa wimbo kwamba siye. Hakuna mpango wa somo ulionifaa kuliko huo. Mtoto anajifunza kulinganisha. Huyu ana pembe, nunda hana. Huyu ana shingo ndefu, nunda hana. Na anajifunza kwamba jambo la kutisha lina sifa zake, na kabla ya kulipiga ni lazima ulijue ndilo au silo. Sehemu ya watu kuliwa niliipunguza. Mtoto wa miaka mitano hana haja ya orodha ya waliokufa. Kisa cha Hasibu na mfalme wa nyoka, chenye uzuri wake wote, nilikiacha. Mna usaliti ndani yake ambao hata mimi hunitia huzuni. Hicho kingoje afike miaka kumi.

Ilikuwa katika kisa hiki ambapo jambo zito lilitokea, ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Siku hiyo alikuwa amerudi chuoni, na ustadhi alikuwa amewasimulia habari za Nabii Musa, alayhi salaam, na fimbo yake mbele ya wachawi wa Firauni. Tukiwa tunachora, akiwa hata hakuinua kichwa, akaniuliza: "Bibi, na nyoka wa Nabii Musa pia ni wa uongo kama nunda?"

Mkono wangu ulisimama. Binti yangu, aliyekuwa akichambua mchele, aliniangalia kwa jicho la "nilikwambia". Na alikuwa na haki. Hii ndiyo hofu ya kweli ya wazazi wengi wanaokataza visa hivi, nayo si hofu ya kijinga: kwamba mtoto akizoeshwa majoka ya kubuni, atakuja kuiweka miujiza ya Mitume katika kapu moja nayo.

Nilichomjibu hakikuwa changu. Kilitoka kwa wazee. Nilimwuliza, "Ninapokusimulia nunda, huanza vipi?"

"Paukwa!"

"Nawe wasemaje?"

"Pakawa!"

"Na ustadhi alipokusimulieni habari za Nabii Musa, alisema Paukwa?"

Alicheka mpaka akaangusha kaa. Ustadhi kusema Paukwa! Halafu akanyamaza, na nikaona uso wake unafanya kazi. "Ustadhi alisema Bismillahi," akasema.

Kwa miaka mingi nilidhani Paukwa ni mchezo wa kuwaamsha wasikilizaji. Siku ile niliona kwamba ni mlango. Wazee wetu, ambao walisimulia mazimwi na majini usiku kucha na hawakukosa sala ya alfajiri, hawakumwingiza mtoto katika ngano bila ya kumpitisha mlangoni na kumfanya ajibu kwa kinywa chake mwenyewe kwamba anakubali kuingia. Habari za Mitume hazina mlango huo. Zinafunguliwa kwa jina la Mwenyezi Mungu, nazo ni kweli. Simu haina Paukwa. Joka linatokea kwenye kioo bila hodi, kati ya tangazo la sabuni na habari za mafuriko, na hakuna aliyemwambia mtoto lipi kati ya hayo ni la kweli. Vitisho vya jikoni navyo havina Paukwa. "Joka laja" inasemwa kwa sauti ile ile ya "baba yako aja."

Tangu hapo nyumbani kwetu mna sharti: hakuna joka bila Paukwa. Na mjukuu wangu amekuwa kadhi mkali wa sharti hilo. Dada wa kazi aliposahau siku moja na kumtishia kwa joka, aliulizwa papo hapo, "Hukusema Paukwa." Akabaki na mwiko mkononi.

Swali la pili la binti yangu lilihusu kuchora, nalo najua litakuwa katika nyoyo za wasomaji wengi. Wanavyuoni wamekhitilafiana juu ya picha za viumbe wenye roho, na mimi si wa kutoa fatwa. Kila nyumba na imuulize sheikh wake. Lakini imesimuliwa katika mkusanyiko wa Abu Daud kwamba Mtume, swalla Allahu alayhi wa sallam, alirudi safarini, upepo ukafunua pazia, akaona vitu vya kuchezea vya Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake. Miongoni mwa wanasesere mlikuwa na farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Alipouliza farasi gani huyu mwenye mbawa, Bibi Aisha alimjibu kwamba je, hakusikia kuwa Nabii Sulaiman alikuwa na farasi wenye mbawa? Akacheka mpaka magego yake yakaonekana. Wanavyuoni wengi wametegemea hadithi hii na mfano wake katika kuruhusu vitu vya kuchezea vya watoto. Mimi kila nikiikumbuka hukomea kwenye kicheko kile. Mtoto amejibu, na mkubwa amefurahi. Nyumba zisizopenda mchoro wenye uso zinaweza kuchora mkia peke yake, magamba, nyayo mchangani, au pango lenye moshi. Mjukuu wangu alichora pango lenye moshi na ndilo lililotisha kuliko yote.

Alipokuwa ametulia kidogo, nilimletea majoka yasiyohitaji Paukwa, na haya ndiyo yaliyomshangaza zaidi. Katika visiwa vichache vya Indonesia, kikiwemo Komodo, yuko mjusi mkubwa kuliko wote duniani, anayeweza kufikia urefu wa mita 3 na uzito wa kilo 70 na zaidi. Wataalamu wa Ulaya walimwandika rasmi mwaka 1912, kupitia kwa Peter Ouwens wa makumbusho ya Bogor, lakini wenyeji walikuwa wakiishi naye tangu zamani, na wana ngano ya binti wa mfalme aliyezaa mapacha, mmoja mtu na mmoja mjusi, ili watu wakumbuke kwamba ni ndugu. Mate yake yana sumu. Vifaranga vyake hupanda juu ya miti ili wasiliwe na wakubwa wao. Habari hii mjukuu wangu aliipokea kwa uzito mkubwa, na tangu siku ile toto la joka la chooni likahamia juu ya mkungu. Na mjusi huyu ni wa jamii moja na kenge wetu. Kenge wa Tudor ana binamu mwenye mita tatu! Alilala na habari hiyo.

Nikamsimulia pia habari ya twiga. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifika China na twiga kwa ajili ya mfalme, katika zama za safari za Zheng He, amiri wa merikebu aliyezaliwa katika familia ya Kiislamu huko Yunnan. Watu wa kule hawakuwa na mnyama kama huyo. Walimwona kuwa ni qilin, mnyama wa heri waliyekuwa wakimsoma katika visa vyao, kama sisi tunavyolisoma joka. Mnyama anayekula mgunga nyuma ya Malindi alikuwa ni ngano iliyotembea kwa miguu yake mpaka mbele ya kiti cha enzi. Mtoto alitaka kujua kama twiga aliogopa merikebuni. Sikuwa na jibu, tukamchorea pazia asiione bahari.

Na kwa wale mnaokaa ambako taa si nyingi, Lamu, Faza, Kipini au Vanga, mna joka jingine la kuwaonyesha watoto. Mwezi wa Mei na Juni, baada ya Isha, tazameni kaskazini, chini karibu na upeo. Kuna mstari uliopinda wa nyota hafifu ambao wanafalaki wa Kiislamu waliuita Tinnin. Abdurrahman as-Sufi aliuchora katika kitabu chake cha nyota katika karne ya 10. Nyota moja katika mkia wake mpaka leo ulimwengu mzima unaiita Thuban, jina la Kiarabu la nyoka mkubwa. Takriban miaka 4,700 iliyopita, hiyo ndiyo iliyokuwa nyota ya kaskazini. Mombasa taa zinaifunika, lakini tulipokwenda Lamu kwa harusi nilimpandisha mjukuu wangu darini. Alinyoosha kidole, akahesabu, akaniambia kwamba joka hilo halina miguu. Joka la Kiswahili, basi.

Wazazi huniuliza mtoto aanze lini. Wa miaka mitatu hana haja ya joka. Mpe paka na kuku. Kuanzia minne na nusu hivi, akianza kuuliza mwenyewe, ndipo. Dakika kumi na tano zatosha. Usimlazimishe amalize picha, na akitaka kuichana aichane, maana huenda ndiyo njia yake ya kulishinda. Lakini mtoto akikosa usingizi kwa wiki kadhaa, akaacha kula au kucheza, hilo si la kaa na karatasi tena. Mpelekeni kwa daktari wa watoto, na mwulizeni mtoto kwa upole kama kuna mtu, si joka, anayemtisha. Katika kazi yangu nimewaona watoto wawili ambao joka lao lilikuwa na jina la binadamu.

Binti yangu hajakubali yote. Katuni bado zimepigwa marufuku, nami naona ni sawa. Kitabu chenye joka la kijani kimeshushwa kabisa, sasa kiko chini ya mto. Juzi nilimsikia jikoni akimwuliza mwanawe, huku akijifanya hajali, joka lake hula nini mwezi wa Ramadhani. Akajibiwa kwamba kutwa halili, na jioni huwasha jiko lake mwenyewe kwa kukohoa, hukaanga sambusa.

Kwenye mlango wa choo pamebandikwa karatasi ya kaki. Mna duara, miguu sita, na kwenye kila mguu ndara, kwa sababu, nilivyoelezwa, chooni hakuingiwi miguu mitupu. Anakwenda peke yake sasa, akipita birika na ngazi, akiimba kwa sauti kubwa. Taa ya uani bado hutaka iachwe ikiwaka.